Mstari Uliomficha Mama Mapazia

Kwa miezi kumi na minne Mama Mapazia alikuwa anajitembelea mwenyewe. Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye cherehani, alifungua simu, akaandika anwani ya tovuti yake herufi kwa herufi kama alivyofundishwa, na duka likajitokeza: mapazia ya rangi ya maziwa, yale ya mistari, na picha yake kabeba jora la kitambaa begani, kacheka mpaka jino la mwisho. Akishaliona, roho inatulia. Duka lipo. Wateja ndio hawapo, labda siku hizi watu wameamua kulala madirisha wazi.

Tovuti hiyo alitengenezewa na shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, ambaye ukoo mzima ulimwita Mtaalamu kwa sababu simu ya mtu ikizimika yeye ndiye daktari. Alimtengenezea bure, na hilo neno bure halikuwahi kukosa kwenye mazungumzo ya Jumapili. Wiki ileile alimtengenezea na mkewe, maana mdogo mtu naye alikuwa amefungua duka lake la mapazia upande wa pili wa mji. Ushonaji alijifunzia kwa dada yake, akikalia kigoda kilekile, akichomwa na sindano zilezile.

Duka la mdogo likajaa. La dada likakauka. Ndipo ukoo ukakaa, ukaamua kwa niaba yake: Jumapili inayofuata atangaze kufunga, cherehani zake tatu zihamie kwa mdogo, na yeye akae chumba cha nyuma akate vitambaa.

"Mkataji mkuu," shangazi yao alisema, kana kwamba anagawa uwaziri.

Mama Mapazia aliitikia kwa kichwa. Kichwa kikichoka huitikia chochote.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku nne, akaingia mwanamke mwenye nyumba ya wageni, mteja wake wa zamani ambaye aliwahi kushonewa naye mapazia ya vyumba kumi na viwili. Alisimama mlangoni akamkagua juu mpaka chini.

"Kumbe upo hai."

"Nani kaniua?"

"Simu yangu. Nimekutafuta wee, hukutokea. Anatokea yule mdogo wako tu. Nikajua mama wa watu kafunga duka."

"Mbona nipo? Hebu ona." Akaandika anwani yake, akamgeuzia simu.

"Hapana, hapo unaingia kwako na ufunguo wako. Tafuta kama mtu asiyekujua. Andika Mama Mapazia tu."

Akaandika. Likaja duka la mdogo wake. Akashuka chini, akashuka tena. Kulikuwa na fundi wa mazulia, kulikuwa na mtu anayeuza kuku. Yeye hakuwepo.

Mlango wa pili alikuwepo mchapaji, mwanamke anayewaandikia watu barua na kuwajazia fomu kwenye kompyuta. Alikuwa anajua siri za nusu ya mtaa na alizihifadhi vizuri, yaani alimwambia mtu mmoja mmoja. Mama Mapazia akamwendea na simu mkononi.

"Shoga, ukurasa una uso na una tumbo," mchapaji alisema, akibonyeza hapa na pale mpaka kioo kikajaa maandishi kama siafu. "Uso ndio unaouona wewe. Humu tumboni kuna vibandiko, maneno mafupi. Mteja hayaoni, ila mashine ya kutafuta inayasoma kabla ya yote: duka linaitwaje, linafanya nini, liwekwe kwenye orodha au lisiwekwe." Kidole chake kikasimama. "Chako kinasema, usiniorodheshe."

"Nimesema mimi?"

"Limesema duka lako. Kibandiko hiki huwekwa ukurasa ukiwa bado unajengwa, watu wasije wakakuta nyumba haina paa. Ukimaliza, unakifuta. Labda amesahau, ni binadamu."

Mama Mapazia akataka sana iwe hivyo. "Nifungulie na la mdogo wangu."

La mdogo halikuwa na kibandiko hicho. Lilikuwa na kingine, kile ambacho maneno yake hutokea chini ya jina la duka mtu anapotafuta. Mchapaji alikisoma kwa sauti, halafu sauti ikampungua katikati: "Kwa Mama Mapazia. Mishono ya uhakika, uzoefu wa miaka kumi na minane."

"Miaka kumi na minane iliyopita mdogo wangu alikuwa darasa la tatu," alisema Mama Mapazia.

"Basi hapa hajasahau mtu," mchapaji akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Jumapili nyumba ya Mama Mapazia ilijaa kama kawaida. Viatu vilirundikana mlangoni, watoto chini ya meza, shangazi kwenye kochi la katikati. Chai ikazunguka. Shangazi akakohoa kikohozi chake cha kufungua kikao, lakini Mama Mapazia akamtangulia.

"Mtaalamu, kile kibandiko cha usiniorodheshe, kipo kwangu kinafanya nini?"

Mtaalamu akaweka kikombe chini taratibu. "Aa, dada. Hicho ni cha wakati wa kujenga. Kilinipita tu."

"Na ile miaka kumi na minane, kwa nini haikukupita?"

Kicheko kimoja kikatoka nyuma, kikajiona kiko peke yake, kikafa.

"Si uzoefu wa familia?" Mtaalamu akasema. "Sote ni kitu kimoja."

Mdogo mtu alikuwa anatazama zulia. Akainua macho, na hapo ndipo dada yake alipotamani angeendelea kutazama zulia. "Walikuwa wanakuulizia, dada. Wanafika dukani, Mama Mapazia yuko wapi. Nikawa nawaambia unapumzika. Mgongo unakusumbua."

"Mgongo wangu umeugua lini?"

"Si ulilalamika?"

"Siku moja. Siku tuliyohamisha kabati lako."

Shangazi akaingilia. "Jamani, maneno ambayo hata hayaonekani ndiyo yatufanye tutoane macho hapa?"

"Yangeonekana, shangazi, ningeyafuta mwenyewe zamani." Akamgeukia Mtaalamu. "Niandikie neno la siri la tovuti yangu. Na kwenu mlitoe jina langu."

"Tukilitoa wateja watapotea," mdogo akasema, na akaonekana anaamini kweli kwamba hilo ni jibu.

"Watapotea waende wapi?"

Mtaalamu aliandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Jina hakuahidi kulitoa. Shangazi akasema ukiichukua karatasi hiyo, mwanangu, tusije tukalaumiana, maana Jumapili za pamoja kama hizi hazijiendeshi zenyewe. Mama Mapazia akaikunja, akaitia ndani ya blauzi. Vikombe vikaanza kurudi jikoni vikiwa na chai nusu.

Jumatatu mchapaji alikifuta kile kibandiko. Kisha wakagombana asubuhi nzima juu ya maneno mapya, maana nafasi yenyewe ni ya mistari miwili. Wakaandika: Mama Mapazia mwenyewe, palepale alipoanzia. Neno mwenyewe lilimuuma kuliandika. Hakuwahi kulihitaji.

Jumapili iliyofuata alipika chai ya watu ishirini kwa mazoea. Aliinywa na mchapaji.

Ilichukua wiki mbili na ushee, kisha akatokea. Alikuwa wa pili, chini ya mdogo wake, lakini yupo. Siku hiyohiyo simu ikaita, sauti ya mwanamume asiyemjua.

"Nimeona mko wawili. Mimi namtaka Mama Mapazia wa kweli."

"Ndiye mimi."

"Hata yule wa juu kanijibu hivyohivyo. Tena akaniambia kuna mmoja atajiita Mama Mapazia, nisimsikilize."

Mtoto ambaye Mama Mapazia mwenyewe alimfundisha kutunga uzi kwenye sindano alikuwa amelisema hilo kwa sauti, kwa mtu wa mbali, labda huku akicheka.

"Basi usinisikilize," alisema. "Nitajie upana wa dirisha lako."

"Sijapima."

"Kapime. Nakusubiri."

Akasikia simu ikilazwa juu ya meza, hatua zikiondoka, mlango ukifunguliwa ndani ya nyumba ambayo hajawahi kufika. Akavuta daftari na kalamu, akasubiri.