Nikahi Kati ya Safari Mbili

Uweso alikuwa amekwisha kutandua vitanda vya kabini sita, na shuka za kabini ya saba zimo mikononi mwake, aliposikia funguo za Bwana Tadeo zikigongana ushorobani. Bwana Tadeo, Mgoa mnene mwenye sauti ndogo, ndiye aliyekuwa mkuu wa maboi wote wa meli ile. Alisimama mlangoni asiingie.

"Hushuki leo, Uweso."

"Nina ruhusa, bwana. Umenipa mwenyewe tulipokuwa Lindi."

"Nilikupa. Lakini abiria watano hawateremki hapa Tanga. Wanaunganisha safari, wanarudi na meli hii hii jioni. Na kila mmoja amepangiwa kabini nyingine."

"Si wakae walipo?"

"Walipo pamekwisha kuuzwa Dar es Salaam. Wenyewe wanapanda Alasiri."

"Na huyo aliyeuza, amepata kubeba sanduku hata siku moja?"

Bwana Tadeo akazitazama funguo zake. "Angebeba, asingeuza hivyo," akasema, akaondoka.

Uweso akabaki na shuka kifuani. Katika dirisha la duara alikuwa akiuona mji: mapaa ya mabati ya forodhani, na nyuma yake, mbali kidogo, minazi ya upande wa Chumbageni. Meli ilikuwa imetia nanga ghubani tangu alfajiri. Baina ya safari iliyokwisha na safari itakayoanza palikuwa na mchana mmoja tu, na mchana huo alikuwa ameuomba tangu mfungo wa Ramadhani. Leo, baada ya Adhuhuri, bintiye wa pekee, Mwanasiti, alikuwa anaozwa msikitini Chumbageni.

Alipozaliwa binti huyo, Uweso alikuwa baharini. Alipohitimu msahafu, Uweso alikuwa baharini. Mama yake alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, Uweso alifika kaburi limekwisha kuota majani. Safari iliyopita alipomtaka idhini yake, Mwanasiti alinyamaza, na kunyamaza kwa mwanamwali ni kukubali. Kisha akainua uso na kusema, "Ila uniozeshe kwa mkono wako, baba. Usinipe wakili." Uweso akamwahidi.

Akaenda kabini namba kumi na nne kumhamisha Maalim Mshamu.

Maalim Mshamu alikuwa mwalimu wa chuo kutoka Lindi, mtu mzima sana, kipofu tangu ujana wake. Tabibu alikuwa amemwagiza hewa ya bahari kwa ajili ya kifua, na mwanawe mfanyabiashara akamkatia safari mbili mfululizo, ya kwenda na ya kurudi, asishuke. Siku zote za kuja alikuwa akijifunza kabini ile kwa kiganja: kitanda mkono wa kulia, beseni kushoto, ndoano ya kanzu juu ya beseni. Alikuwa ameizoea kama anavyozoea mtu aya.

"Shikamoo, Maalim. Tunahama."

"Marahaba, mwanangu. Tunahamia wapi, nami nilikuwa nimekwisha kufahamiana na hiki kitanda?"

"Namba tisa, upande wa pili wa meli. Kila kitu ni kile kile, ila kimegeuka. Cha kulia kiko kushoto."

Wakavuka ushoroba, mkono wa mzee begani kwa Uweso. Katika kabini mpya Uweso akauchukua mkono ule, akaupitisha polepole: hapa kitanda, hapa beseni, hapa ndoano. Mzee akapapasa, akakosea, akapapasa tena. Kisha akauacha ukuta, akaushika mkono wenyewe uliokuwa ukimwongoza.

"Mkono huu uko hapa, roho yako haipo. Una nini?"

Uweso akamweleza. Maalim Mshamu akasikiliza hadi mwisho.

"Kisheria wakili angetosha," akasema.

"Angetosha, Maalim. Lakini nilimwahidi."

"Haya. Mkweo anafanya kazi gani?"

"Haji? Ni baharia wa tishari, lile jahazi pana linaloleta mizigo melini. Asubuhi nimesikia kwa watu wa mtaboti: jana aliomba ruhusa ya siku nzima, wakampa saa ya nikahi tu."

"Basi si anakuja huku huku na masanduku ya abiria wapya?"

"Anakuja."

"Sasa weye walia nini? Nikahi haikulazimishwa msikiti. Yataka walii, na mume, na mashahidi wawili, na maneno. Kabini namba kumi na nne, hivi sasa ni ya nani?"

Uweso akafikiri. "Wewe umetoka. Mwenyewe hajaja. Si ya mtu."

"Basi ni ya Mwenyezi Mungu. Itandike."

Uweso akakimbilia ubavuni mwa meli. Mtaboti uliokuwa ukipeleka abiria pwani ulikuwa bado haujaondoka. Serahangi wake, mkuu wa mabaharia, Shekhe kwa jina tu, mzaliwa wa Moa mwenye ulimi mkali, alikuwa akitukana kamba.

"Shekhe! Mwambie Haji aje na kofia yake! Tutaozesha huku!"

"Huku wapi, juu ya makaa?"

"Wewe mwambie! Nawe uje, u shahidi!"

"Miye shahidi? Leo mmekosa watu!" Lakini tayari alikuwa ameketi wima, na kamba hakuitukana tena.

Adhuhuri ilipopita, tishari lilifika likivutwa na mtaboti, limesheheni masanduku. Haji akapanda na sanduku kubwa kichwani, shati lake la kazi limelowa jasho. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti. Akaingia kabini namba kumi na nne, akatua mzigo, akafungua kifurushi: kanzu, kofia, kipande cha halua, na chetezo kidogo.

"Kutoka kwa shangazi yangu Semeni," akasema, macho chini. "Amesema nikahi bila udi ni kama mkataba wa kukata mkonge."

Wakacheka wote kwa kuzuia sauti. Kabini ile ilikuwa ya mtu mmoja, nao walikuwa watano: Uweso na Haji, Maalim Mshamu, aliyevushwa tena ushoroba, Shekhe, na Mbwana wa jikoni, aliyeleta kaa la moto la kutia chetezoni, mikono yake bado ina unga. Ernesti, boi mwenziwe Uweso, Mkatoliki, mtoto wa wakata mkonge wa Pongwe, alibaki nje akaurudisha mlango.

"Ushahidi wangu hamuutaki," alinong'ona, "lakini mlango hauna dini. Nitaushika."

"Maalim si angekuwa shahidi pia?" Mbwana akauliza.

"Kipofu ushahidi wake katika nikahi una maneno," akajibu mzee. "Huyasikia yaliyosemwa asiuone mdomo uliosema. Mimi nitasoma hotuba. Walii aketi."

Uweso akakitazama kiti kilichokuwa pale. Miaka yote ya utumishi alikuwa amekifuta vumbi, wala hajapata kukikalia. Akaketi. Haji akaketi mbele yake, ukingoni mwa kitanda, ndani ya kanzu iliyokunjamana. Maalim akasoma hotuba kwa sauti ya chini iliyo safi. Kisha Uweso akakishika kiganja cha kuume cha Haji kwa kiganja chake cha kuume.

"Nimekuoza binti yangu Mwanasiti kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali nikahi yake kwa mahari hayo."

Nje kukasikika funguo.

"Kwa nini mlango huu umefungwa?" Ilikuwa sauti ya Bwana Tadeo. "Mwenye kabini amewahi, yuko ngazini. Meneja wa shamba, na ana haraka."

"Kabini inafukizwa, bwana," akasema Ernesti. "Kunguni."

Moshi wa udi ulikuwa ukitoka chini ya mlango.

"Kunguni wa leo ni waungwana," akasema Bwana Tadeo polepole. Naye alikuwa na mabinti wawili Goa, na wote wawili waliozwa na ndugu zake, yeye akaletewa picha. "Harakisheni." Halafu wakamsikia akienda kumlaki meneja, akimwambia kwa Kiingereza, kwa upole mwingi, kwamba kabini bado haijawa tayari.

Maalim akamaliza dua. Halua ikagawanywa vipande vidogo, na kipande cha Ernesti kikapitishwa mlangoni. Haji akavua kanzu, akabaki akiutazama mkono wake wa kuume.

"Nitampelekea mkono huu kama ulivyoushika, baba," akasema.

Meneja alipoingia, Uweso alikuwa amekwisha kuitandaza shuka upya. Meneja akasimama katikati ya kabini, akanusa.

"Boi! Harufu gani hii? Osha yote. Na dawa!"

Ndevu za Uweso zilikuwa na mvi nyingi kuliko za mtu yule. Akaleta ndoo ya maji yenye karboliki, akapiga magoti, akaanza kusugua sakafu pale kilipokuwa kiti.

Katika dirisha la duara aliliona tishari likiachana na meli. Haji alikuwa amesimama mbele, mkono wa kuume ameufumbata kifuani, akifungua kamba nene kwa mkono wa kushoto na meno.

"We Haji!" Sauti ya Shekhe ilifika juu ya maji. "Umevunjika mkono?"

"Huu ni amana, serahangi! Una mwenyewe!"

"Boi!" akasema meneja nyuma yake. "Kwa nini sugua na mkono moja? Tena ya kushoto! Tumia mikono mbili!"

"Ndiyo, bwana," akasema Uweso.

Akachovya kitambaa katika ndoo kwa mkono wa kushoto, akakikamua kwenye ukingo wa ndoo, akaendelea kusugua. Wa kuume aliuweka juu ya goti lake, mkavu.