Kutoka Kitangari Bila Kusimama

Siku ya tatu ya safari yao ya raha, Ethel alikuwa ameshapokelewa na vilio viwili.

Cha kwanza kilikuwa Lukuledi, kwa dada yake mwenyewe. Cha pili Chiungutwa. Walikuwa hata hawajazima injini, wanatafuta kivuli cha mkorosho wapige kambi, mara mwanamke mmoja akatupa ungo wake wa muhogo, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza. Wenzake wakaidaka sauti bila kuuliza. Mzee mmoja akaja mbio, kofia mkononi, akainama kwenye dirisha la Cyril.

"Mmetuletea nani?"

"Hatujaleta mtu, mzee wangu. Shikamoo. Tunatembea tu."

"Mnatembea?" Mzee alichungulia nyuma. Akaona godoro lenye shuka la maua, jiko la gesi, pipa la maji, fimbo mbili za kuvulia samaki. "Na gari hili?"

"Ndiyo nyumba yetu siku hizi."

Mzee akageuka, akawapungia wanawake wanyamaze: hakuna maiti, ni watu wanatalii. Yule wa ungo alikasirika kuliko kama angeletewa maiti kweli. "Na muhogo wangu nani atauokota?"

Ethel alishuka akamsaidia kuokota. Ndio uliokuwa utalii wa siku hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa ambulensi. Mumewe aliliendesha miaka kumi na tisa, na lilipochakaa likapigwa mnada mwaka uleule yeye alipostaafu, akalinunua kama mtu anayemtoa ndugu yake rumande. Walilipaka rangi ya bluu mara mbili, lakini herufi nyekundu zilikuwa zinachungulia kwa chini kama jirani nyuma ya pazia. Hata zisingechungulia, lingejulikana. Kuanzia Masasi hadi Newala watu hawakuhitaji kusoma. Gari lile lilikuja kuchukua mgonjwa, na akifa lilikuja kumrudisha, na wengi walilikumbuka kwa safari ya pili.

"Baba Stella," Ethel alimwambia siku alipolileta nyumbani, "wenzako wakistaafu wananunua bajaji. Wewe umeniletea jeneza lenye magurudumu."

"Jeneza halina jiko la gesi, Mama Stella."

Basi akacheka, akashona mapazia. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na kwa umri ule aliona ana haki ya mwezi mmoja wa kulala popote. Mpango ulikuwa Lukuledi, Chiungutwa, bonde la Ruvuma, kisha magharibi polepole hadi Mbamba Bay, wakivua na kupika njiani. Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Cyril hakula samaki. Miaka kumi na mmoja sasa, tangu siku aliyodai mwiba ulimkwama kooni. Mtu asiyekula samaki alikuwa amenunua ndoano za saizi tatu.

Siku ya nne mchana waliteremka bondeni. Ilikuwa Oktoba, mto umepungua, umebaki michanga mirefu na madimbwi, na ng'ambo ni Msumbiji, miti ileile, joto lilelile. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu aliwapungia mkono.

"Kaeni mbali na maji, wazee. Mamba wa hapa hawaheshimu mstaafu."

Cyril alikaa juu ya jiwe na kopo lake la minyoo. Haikupita saa nzima akavuta kambale mrefu kama mkono, mweusi, anajipinda. Ethel alipiga kigelegele, akawasha jiko, akabandika kikaango. Alipoinama na kisu, Cyril alimshika kifundo cha mkono.

"Usimkate. Ana mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Umemvua sasa hivi. Au ana kitambulisho?"

Cyril hakucheka. Alimtumbukiza kambale kwenye ndoo, akamwagia maji, akabaki anaitazama ndoo. Kisha akasema, bila kuinua macho, kama mtoto anayesoma asichokielewa:

"Kitangari kulikuwa na msichana anaitwa Shamila. Uchungu wa kwanza, mtoto kakaa vibaya. Nikaenda kumchukua. Njiani, tayari nimempakia, nikakutana na muuza samaki, anapanda na baiskeli kutoka huku mtoni. Nikasimama nikununulie samaki."

Ethel aliweka kisu chini.

"Alifia njiani. Yeye na mtoto."

Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi. Ethel aliinua kikaango, akakiweka mchangani. Alimkumbuka samaki yule. Alimpika kwa tui, akamnyonya kichwa, akasema mbele ya wageni kwamba mume wake anajua kuchagua.

"Ulisimama dakika ngapi?"

"Tano. Labda kumi."

"Alilala wapi?"

Cyril alielekeza kwa kidevu. Godoro. Shuka la maua. Siku tatu usiku Ethel alikuwa amelala pale, ubavu wa kulia, akimtania mumewe kwamba anakoroma kuliko injini.

"Na ulijua mimi nitalala hapo."

"Nilidhani tukiweka mapazia…" Hakumaliza. "Mama Stella, siwezi kufika Mbamba Bay na jambo hili. Nataka nikamwambie mama yake kwa kinywa changu. Anisamehe au anitukane, basi."

"Na samaki ndiyo nini? Fidia?"

"Sijui. Sikutaka kwenda mikono mitupu."

Ethel alicheka, kicheko kimoja kifupi, na kilimwuma kifuani kama kikohozi.

Asubuhi walipanda uwanda wa juu. Nyumba ya Kitangari Cyril hakuhitaji kuuliza, maana siku ile alifika mara mbili, kuchukua na kurudisha. Hapa hakuna aliyelia. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua korosho uani waliinuka, wakaingia ndani kimya. Alibaki mmoja, mwembamba, anatoka kuteka, ndoo kichwani. Aliliona gari. Akaitua ndoo taratibu bila kumwaga hata tone. Maji ya kule yanatoka mbali, hayamwagwi kwa sababu ya mtu.

"Shikamoo, Mama Shamila," Cyril alisema.

"Umenizidi umri. Unaniamkia nini?"

Cyril aliishika ndoo yenye kambale. Akaiinua, akaiteremsha tena. Akasema yote, haraka, kichwa chini: baiskeli, samaki, kusimama. "Dakika kumi," akamalizia. "Hazikuzidi kumi."

"Mimi sikuwa na saa," Mama Shamila akasema. "Nilihesabu uchungu. Gari limesimama, ulimjia mara saba. Mara ya nne nikagonga kile kidirisha cha kwa dereva. Wewe ulikuwa unamwambia mwenye baiskeli, huyu mkia umekauka, nitafutie mwingine."

Ethel alitafuta pa kuegemea, akaukuta ubavu wa gari, akauacha.

"Kwa hiyo unajua," Cyril akasema.

"Nilikuwa humo ndani. Nisijue vipi?"

"Nimekuja uniambie neno, mama. Lolote."

"Msamaha unaoutaka ni wa Shamila, na Shamila hayupo. Mimi siwezi kuutoa kwa niaba yake." Alijifunga kanga upya kiunoni. "Lakini umekuja na gari. Miaka kumi na mmoja nimelitafutia swali langu pa kulipeleka, leo limeletewa usafiri. Watu wangu wanasema nilimuua mwenyewe. Uchungu ulianza usiku, nikasubiri, nikampa dawa za bibi yake, nikakuita jua limeshapanda. Mkwe wangu mpaka leo hali chakula changu. Sasa sikia. Mlango ulipofungwa nilimpigia simu, kwamba tunaondoka. Mwanangu alipokata roho nikampigia tena. Simu yake iliweka saa zote mbili. Dakika hamsini na moja. Nipeleke hospitali kwa njia ileile, usisimame. Tukizidisha hamsini na moja, hata usingenunua samaki asingefika. Mwenye kuchelewesha ni mimi. Tukipunguza, ni wewe. Nataka nijue kabla sijafa."

"Barabara ya siku zile…" Cyril alianza.

"Barabara ni ileile. Mashimo tu yamehama. Na samaki wako mrudishe garini."

Mama Shamila alipanda nyuma. Ethel naye akapanda nyuma. Kwenda kukaa mbele kando ya mumewe miguu ilikataa. Mwanamke yule aliyatazama mapazia, jiko, vikombe viwili vilivyotundikwa. Alipapasa shuka la maua kwa ncha ya vidole.

"Hapa ndipo mnapolala?"

"Ndiyo, mama."

Mama Shamila hakukaa juu yake. Alikaa chini, kwenye bati, mgongo ukutani, mkono mmoja ukiwa juu ya godoro mahali penye mto. Ethel alielewa kwamba siku ile alikaa hivyohivyo. Akatoa simu yake, akaweka saa ya kuhesabu, akaibonyeza mlango ulipofungwa.

Dakika tano. Kumi. Kambale alikuwa akijigeuza ndoo ikilia, maana kambale hafi upesi. Kwa pazia Ethel aliona mikorosho ikipita, mabibo yameoza chini, watoto wa shule, kisha mikorosho tena. Ilipita taratibu. Alidhani ni macho yake. Halafu bodaboda iliyobeba magunia matatu ya korosho, yenye abiria juu ya magunia, ikawapita ikipiga honi.

Ethel alikuwa ameolewa na dereva miaka thelathini na minane. Aliijua injini ile kama anavyoijua pumzi ya mwenye nayo. Ilikuwa gia ya tatu, kwenye tambarare, na mguu haukukanyaga. Mbele hapakuwa na shimo wala ng'ombe. Cyril alikuwa anatambaa.

Saa ilionyesha dakika kumi na sita. Wakiendelea hivi watafika saa nzima ikikaribia, naye atashuka amenyooka mgongo. Hakuna atakayejua. Mama huyu atarudi Kitangari na jibu lake, mkwe atasema si nilisema, na wao wawili watakwenda Mbamba Bay, watavua, na pengine Cyril ataanza kula samaki. Ethel aliliona jambo hilo lote kwa uzuri wake, na aibu ikamjaa kwa jinsi alivyolitamani. Alimtazama Mama Shamila. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, midomo inahesabu kitu.

Ethel akauchukua mwiko wa ugali, akagonga kidirisha mpaka kioo kikalia.

"Baba Stella! Kanyaga!"

Macho ya Cyril yalitokea kwenye kioo cha juu. Yalikuwa yanaomba.

"Gari limezeeka, Mama Stella."

"Halijazeeka. Endesha kama kuna mgonjwa humu."

Muda ulipita, sijui sekunde ngapi. Hizo Ethel hakuzihesabu. Kisha injini ikaguna, gia ikaingia ya nne, vikombe vikaanza kugongana, ndoo ikateleza hadi mlangoni. Cyril aliendesha kama alivyoendesha miaka kumi na tisa, vizuri, akikwepa mashimo kabla hayajaonekana. Alikuwa dereva hodari. Hilo nalo lilikuwa baya.

Langoni mlinzi hakuuliza. Aliliona gari, mkono wake ukanyanyua kizuizi wenyewe. Gari lilisimama katikati ya lango. Wahudumu wawili wakaja mbio na kitanda cha magurudumu.

"Ngapi?" Mama Shamila akauliza, macho bado yamefumbwa.

Ethel alikuwa amewafundisha watoto wa watu kusoma saa. Alisoma.

"Arobaini na nne."

"Pamoja na kule kutambaa kwake?"

Kumbe. "Pamoja na kutambaa," Ethel akasema.

"Basi angefika."

"Angefika, mama."

Mlango ulifunguliwa kutoka nje. Mhudumu aliingiza kichwa, akaona jiko, mapazia, ndoo yenye samaki. "Mgonjwa yuko wapi?"

Mama Shamila alishuka, akakishika kile kitanda cha magurudumu ukingoni kidogo, kama mtu anayepima urefu, akakiachia. Cyril alikuwa ameshuka naye, amesimama kando ya bampa.

"Nikurudishe nyumbani, Mama Shamila."

"Unirudishe mara ya pili? Hapana. Nitapanda bodaboda." Akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Nikifika nitamwambia mkwe wangu. Saa amepima mkeo mwenyewe."

Akaondoka akishika njia ya stendi, hana haraka.

"Panda mbele, mke wangu," Cyril akasema. "Tutoke hapa."

Ethel alirudi nyuma ya gari. Alilivua lile shuka la maua kwenye godoro, akalikunja mara nne kama anavyokunja siku zote, akalitia kwapani pamoja na mkoba wake. Akashika njia ileile ya stendi, hatua thelathini nyuma ya Mama Shamila, bila kuthubutu kumfikia.

Nyuma yake alimsikia mlinzi: "Mzee, kama hujaleta mtu ondoa gari. Umeziba lango."

Injini haikuwaka. Baada ya kitambo mlinzi alirudia, safari hii kwa upole, kwa sauti ambayo watu wa hospitali wanaiweka kwa ajili ya wafiwa.

"Mzee. Ondoa gari."