Sisikii Kitu

Watu walimwita Bwana Pua, naye hakukasirika, maana pua ndiyo iliyomlisha. Kila Jumamosi jioni, katika kipindi cha vitu vya kale, watu walileta studioni makabati ya babu zao, masanduku ya bibi zao na viti vyenye mguu mmoja wa kuazima. Bwana Pua alivua miwani, akavuta droo, akazamisha uso wote ndani kama ng'ombe anywaye maji ndooni. Kisha aliinuka na kusema, "Nasikia..." na kunyamaza.

Huko kunyamaza ndiko kulikomfanya mtu wa televisheni. Mtayarishaji wa kipindi, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alimfundisha tangu siku za mwanzo kwamba akishasema nusu, atulie, amwache mtazamaji ameze mate. Basi alitulia, nchi nzima ikameza mate, ndipo akatoa hukumu. Nasikia gundi ya ngozi, mzee, hili ni la kale kweli. Au: nasikia vanishi ya juzi, mama yangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kazi hiyo hakuisomea popote. Alilelewa na mjomba wake, muuza samani zilizotumika, katika duka lililojaa hadi mtu apite ubavu ubavu. Mjomba aliamini kwamba jicho ni limbukeni, likiona rangi nzuri linapumbaa. Alikuwa akimfunga kitambaa machoni, anampitishia vipande vya mbao chini ya pua, na kila akikosea anakula konzi. Konzi baada ya konzi, pua ikaelimika. Mjomba alipofariki duka likawa lake, na siku moja mtayarishaji yule akaingia kutafuta meza ya kupamba studio. Bwana Pua akamwambia kwamba meza aliyoishika ilikaa nyumbani kwa mvuta kiko, na chini yake paka alipata kuzaa. Mwanamke akaondoka na meza, na mwenye meza pia.

Nyumbani, pua hiyohiyo ilikuwa na kazi ya pili. Mkewe alifanya kazi saluni ujana wake wote, na dawa za nywele zikaiua pua yake kabisa, hata uchome tairi mbele yake asingejua. Hakujali. Aliwaambia rafiki zake kwamba Mungu amempa mume mwenye pua mbili, yake na ya mkewe. Kabla ya kuwasha jiko la gesi, alisimama na kiberiti mkononi na kuita kuelekea sebuleni, "Baba, unasikia?" Naye mumewe, hata awe na gazeti usoni, alijibu, "Sisikii kitu." Ndipo njiti ikakwaruzwa. Walizeeka na maneno hayo kama wengine wanavyozeeka na salamu.

Kisha ikaja ile homa.

Ilikuwa homa ya kawaida tu, ya kujifunika na kunywa supu. Asubuhi aliyopata nafuu, mkewe alimletea kahawa, naye akadhani ni maji ya moto mpaka alipoiangalia. Akanusa sabuni. Akanusa viatu vyake. Akafunga mlango akanusa kwapa lake mwenyewe, na hapo pia palikuwa kimya. Daktari alisema pengine itarudi, pengine haitarudi. Haikurudi.

Aliogopa, na tuseme wazi kwamba aliogopa sana. Bwana Pua asiye na pua ni bwana tu, na mabwana wamejaa mitaani. Lakini mbele ya mkewe hofu iligeuka aibu, kwa sababu angekuwa anamnyang'anya pua kwa mara ya pili. Akaamua kungoja siku nzuri ya kumwambia, nazo siku nzuri zina tabia ya kutofika. Wakati huo wa kungoja, kila alfajiri aliingia jikoni kwa kunyata kabla mkewe hajaamka, akapaka povu la sabuni kwenye shingo ya mtungi wa gesi, akainama kuangalia kama povu linachemka kwa gesi inayovuja. Likitulia, alilifuta vizuri na kurudi kitandani. Jioni mkewe akiita, "Baba, unasikia?" alijibu, "Sisikii kitu," na hakuwa amesema uongo hata mara moja. Hilo ndilo lililomnyima raha. Uongo angeutubia, lakini ukweli wa namna ile hakujua autubieje.

Studioni aliponea kwa macho. Aliangalia vichwa vya misumari, matundu ya wadudu, mahali vidole vilipolamba mbao. Alipozamisha uso, aliigiza tu. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya sanduku la mwalimu mstaafu.

Mwalimu alilirithi kwa shangazi yake. Bwana Pua akavua miwani, akafungua kifuniko, akazama. "Nasikia..." akasema, akatulia. Halafu akasema anasikia kafuri, na karafuu kwa mbali, na kwamba shangazi huyo alikuwa mtu nadhifu. Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga picha alikuwa ameziba pua kwa kola ya shati, na mwalimu, akitazama sakafu, akaeleza kwamba kuna panya aliyefia humo, wamemtafuta tangu asubuhi wasimwone. Bwana Pua akawahi kucheka, akasema basi hata panya alikuwa nadhifu, na studio nzima ikaangua kicheko pamoja naye.

Mtayarishaji hakucheka. Baadaye alimfuata chumba cha vipodozi, alikokuwa akijifuta poda kwa kitambaa kibichi, akafunga mlango nyuma yake. Alianza kwa mbali. Alisema wakubwa wanataka Jumamosi ijayo kipindi kiende moja kwa moja hewani, Bwana Pua afungwe kitambaa machoni na kupitishiwa mbao, kama mjomba wake alivyokuwa akimfanyia. Hadithi hiyo si aliisimulia mwenyewe, tena mara ngapi? Kisha akamtazama kupitia kioo.

"Mzee, pale ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

"Hicho kitambaa unachofutia uso nimekimwagia siki."

Mkono wake ukasimama shavuni. Kwenye kioo alimwona mzee mwenye nusu ya uso wa televisheni na nusu ya uso wake mwenyewe, na hakupenda hata mmoja.

"Nyumbani wanajua?" mwanamke akauliza. Bwana Pua akatikisa kichwa. "Basi anzia nyumbani. Leo. Ya hapa tutayaongea. Mficha maradhi, Mzee..." Akaiacha hapohapo, akatoka. Hata methali aliikata katikati.

Njiani mvua ilinyesha, naye akaitunga sentensi yake. Aliigeuza huku na huku kama droo iliyokwama. Isiwe ndefu, isiwe ya kulialia. Alipofika aliona kwamba madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya mvua, na televisheni inapiga kelele sebuleni, ikirudia kipindi chake cha wiki iliyopita. Mkewe ndiyo kwanza ameamka, alama ya mto bado iko shavuni. Akampokea mkoba, akasema gesi iliisha mchana, mleta gesi amefunga mtungi mwingine, alikuwa na haraka hata maji hakunywa. Bwana Pua akaitikia, "Eee." Alisikia kila neno na hakusikia lolote, kwa kuwa kichwa kilijaa sentensi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Huu haukuwa na kata. Ulikuwa na mpira wa shingoni uliochakaa ukapasuka, kitu cha kale pekee katika nyumba ile ambacho mtaalamu hakuwa amekikagua.

Mkewe akaingia jikoni kumchemshia chai. Yeye akavua viatu, akakaa, akasimama tena. Akaizima televisheni, maana hakutaka kusema jambo hilo huku sura yake mwenyewe ikimtazama. Nyumba ikatulia. Kulikuwa na mlio mwembamba mahali fulani, kama mtu anayenyamazisha mtoto, naye akadhani ni mvua.

Njiti za kiberiti zikachezacheza ndani ya kisanduku chake.

"Baba, unasikia?"

Moyo ukampiga. Kisha ukalegea, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limemfungulia mlango, na asingepata mlango mwingine kama ule. Alimpenda mwanamke huyu kuliko jina lake lote. Akasogea hadi mahali ambapo sauti ingemfikia vizuri.

"Mama," akasema kwa upole, "mimi sisikii kitu..."

Akatulia. Hakukusudia; ni mazoea tu, mwili ulishazoea kumwacha mtu ameze mate. Yalibaki maneno machache, "tangu ile homa", nayo yalikuwa tayari yamefika mdomoni.

Jikoni, njiti ikakwaruzwa.