Mkwe Aliyeuliza

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2019, alasiri, mke wangu Tumpe alisimama katikati ya mkutano wa kijiji akamtazama baba mkwe wake usoni. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na watu walikuwa wamekalia majani ya migomba ili wasilowe. Nakumbuka ukimya. Hata mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mama yake alinyamaza, kama aliyehisi kwamba kuna chungu kimeanguka na hakuna wa kukiunga.

Asiye wa huku kwetu, milima ya Lufingo, ataniuliza: kumtazama mtu tu, kosa liko wapi? Basi ajue. Kwetu mwanamke akiolewa humwogopa baba mkwe. Ukutila, ndivyo tusemavyo. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani mpaka apite. Hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, hamsemeshi. Na baba mkwe si yule aliyemzaa mumewe peke yake, ni ndugu zake wote wa kiume. Mzee Ambilikile alikuwa mdogo wa marehemu baba yangu. Alikuwa pia mwenyekiti wa kijiji. Na ukoo wetu si mdogo. Karibu nusu ya wanawake wa kijiji kile walikuwa wakwe zake, na kwa hiyo karibu nusu ya wanawake hawakuweza kumuuliza mwenyekiti wao hata kama mvua itanyesha.

Mimi niliishia darasa la nne. Miaka yote hiyo sikuliona jambo hilo kuwa jambo. Tumpe ndiye aliyeliona, na aliyemwonyesha alikuwa mpangaji wetu.

Huyo alikuwa Ezron, mwalimu wa historia, kijana wa Kasulu aliyepangiwa sekondari ya kata. Tulimpa chumba cha uani. Jioni alikuja jikoni kumenya ndizi pamoja nasi, vidole vyeusi kwa utomvu, akitusimulia aliyowafundisha watoto mchana. Alisema zamani huko Ulaya mfalme alijigamba kuwa kawekwa na Mungu, basi haulizwi kitu. Wakatokea watu ambao kazi yao ilikuwa kufikiri. Wakasema akili Mungu kampa kila mtu, mfalme na mchoma mkaa. Wakasema mtawala amekabidhiwa kazi na anaowatawala, na kila sheria iwe na sababu inayoweza kusemwa hadharani. Yakaandikwa, yakasomwa vilabuni na majumbani, na viti vya enzi vikaanza kuyumba.

“Hao watu wa akili,” nilimuuliza, “si ndio wajukuu zao waliokuja kujenga boma pale Tukuyu? Babu yangu alibeba yale mawe kwa kiboko.”

Ezron aliacha kumenya. “Ndio hao, mzee.”

“Basi akili yao waliisahau melini.”

Tumpe alicheka mpaka kisu kikamponyoka. “Baba Kenneth, chai nayo si waliileta wao? Mbona unakunywa?”

Nikamwokotea kisu chake. Mke wangu alikuwa hivyo.

Sasa niseme habari za zahanati. Tulifyatua matofali wenyewe, tukayachoma wenyewe. Lori la mabati lilikwama huko chini kwenye tope, wanawake wakayapandisha mlima kichwani. Bati moja lilimchana Tumpe bega, akabaki na kovu kama mundu mdogo. Jengo likaezekwa, likapakwa rangi. Akaja mgeni mwenye suti, akakata utepe, akapigwa picha, akala kuku, akaondoka. Kufuli likatiwa mlangoni. Tukaambiwa mchakato unaendelea. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, nyigu wakajenga kwenye kona za dirisha.

Kwa hiyo siku ile alisimama.

“Mwenyekiti,” alisema. Hakusema baba. “Zahanati tumeijenga kwa mikono yetu. Huu mwaka wa tatu imefungwa. Nauliza, imefungwa kwa sababu gani?”

Mzee Ambilikile hakumwangalia. Alinitafuta mimi kwa macho. “Abrahamu mwanangu, ni nani huyu anayenisemesha?”

Wanaume wakaangua kicheko. Tumpe akangoja kiishe.

“Nimemuuliza mwenyekiti wangu. Baba mkwe sijamuuliza kitu.”

“Mchakato unaendelea,” akasema mzee, bado akinitazama mimi.

“Mchakato si sababu, mwenyekiti. Hilo ni jina tu mmelipa kungoja kwetu.”

Hapo kelele zikalipuka. Mwanamke mmoja nyuma, mkwe wa ukoo kama yeye, alipiga kigelegele, akakikatiza katikati. Wazee wakasimama mmoja baada ya mwingine kusema juu ya heshima, juu ya wanawake wa siku hizi, juu ya walimu wa kuja. Walisema mpaka jua likazama nyuma ya mlima. Iliamuliwa nitoe ndama wa kuirudisha heshima ya mzee. Nikamtoa. Zahanati haikutajwa tena.

Njiani kurudi nyumbani Tumpe alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. “Umeona, Baba Kenneth? Hana jibu. Miaka yote nimekimbilia migombani kwa ajili ya mtu asiye na jibu.”

Kabla muhula haujaisha Ezron alipata barua ya uhamisho. Naye aliuliza sababu, akaambiwa ni mahitaji ya kazi. Novemba ulikuja uchaguzi, na Mzee Ambilikile akapita bila kupingwa.

Machi iliyofuata, katikati ya masika, kifua kilimbana Tumpe. Asubuhi ya siku ya tatu midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Gari katika kijiji chetu lilikuwa moja tu, pikapu ya mwenyekiti. Nilimkuta barazani akinywa chai.

“Baba mdogo, nisaidie gari. Mgonjwa amezidiwa.”

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo sijamsamehe. “Mwanangu, gari lipo, mafuta yapo. Lakini mkwe wangu nitapanda naye vipi gari moja?”

“Mpe mtu mwingine aendeshe.”

“Akae kwenye kiti ninachokalia mimi? Mila zetu unazijua, Abrahamu. Si mimi niliyezitunga.”

Nimelitafakari neno hilo mpaka limeniota kutu kifuani. Alipotaka matofali yetu alikuwa serikali. Alipoulizwa matofali yamezaa nini, akawa baba mkwe. Ezron alisema wale watu walizibadilisha serikali kwa kuuliza sababu. Huenda. Huku kwetu yamebadilika majina. Amri siku hizi inaitwa mwongozo, na mkubwa ana mihuri miwili, wa serikali na wa mila. Ukimshika kwa huu, anakugongea ule.

Tulimbeba kwa machela, mimi na majirani watatu. Njia ilikuwa utelezi mtupu, tukaanguka naye zaidi ya mara moja. Mvua ikazidi mpaka hatukuona mbele, tukakimbilia paa lililokuwa karibu. Lilikuwa la zahanati. Tukamlaza kwenye kibaraza, kichwa chake kikielekea ule mlango wenye kufuli. Mvua ilipiga bati kama ngoma za msibani. Tumpe alifumbua macho, akatazama juu muda mrefu.

“Halivuji,” akasema.

Hakusema tena. Mvua ilipokatika, hatukuwa na haja ya kuendelea na safari.

Mwenyekiti alikuja mazishini, akasimama karibu na kaburi hapo migombani kwangu, akasema marehemu alikuwa mchapakazi. Watu wakaitikia. Sasa tupo 2025, na yeye bado ni mwenyekiti. Kufuli lile la kwanza liliota kutu, likanunuliwa jipya.

Nyumbani nimebaki na mwanangu Kenneth na mkewe Hellen. Hellen amelelewa na bibi, kwa hiyo ananiogopa kama walivyoogopa wa zamani. Nikitokea, huzunguka nyuma ya nyumba. Chakula changu hukiweka kwenye kigoda, hugonga sahani kwa kijiko, hutoweka. Nilimwambia Kenneth amwambie aache, mimi sitaki kuogopwa. Hakuacha. Miaka miwili sikuwahi kuijua sauti yake.

Sasa ana mimba kubwa, na masika yameanza.

Juzi niliketi nje ya jiko nikinoa kisu cha migomba. Kijiko kiligonga sahani, sikusikia nyayo zikiondoka. Nikajua amesimama nyuma ya ukuta wa mabanzi, karibu kabisa, pumzi yake nzito. Nikaacha kunoa.

“Baba,” akasema.

Sikugeuka, nisije nikamtisha. “Naam, mwanangu.”

Kisha lile swali likaja tena, neno kwa neno, ila sauti ilikuwa nyingine:

“Ile zahanati, baba, imefungwa kwa sababu gani?”