Jina Lililobaki Ndani

Asubuhi ile ya Julai 2016 bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, na gari la Mjomba Taban lilikuwa nje, mtaani kwao Hai Mauna, likimngoja Natalina limpeleke Uganda. Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa, na ufunguo alikuwa nao bibi yake, Keji.

Desturi ya nyumba ile, tangu ukimbizi wa kwanza, ni kwamba mtoto haondoki mpaka ataje ukoo wake bila kukosea: nani alimzaa nani, nani alizikwa wapi. Bibi mwenyewe hakuwa anakwenda popote. Makaburi yalikuwa uani, naye hakuwa tayari kuyaacha.

Natalina akaanza. Alipofika kwa baba yake akasema, "Emilio, aliyeuawa na Fortunato, jirani yetu."

"Hapana. Anza tena," bibi alisema.

Akaanza tena, na jina la Fortunato likatoka vilevile. Alilitaka. Alikwisha kuapa kwamba siku moja mtu yule atalipa, na bila jina angemdai nani damu ya baba yake? Honi ikalia nje.

Hapo akakumbuka somo la baiolojia, jambo la ajabu kwa mtu mwenye hofu kama yake. DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Kinachotoka ni nakala, RNA mjumbe, nayo haitoki hivi hivi. Vipande visivyotakiwa hukatwa, vilivyobaki huungwa, kisha protini huisindikiza hadi kwenye tundu la kiini. Nakala ambayo haijakatwa huzuiwa palepale, maana ikipenya, huko nje hutengenezwa kitu kibovu. Swali la somo hilo alilipata vizuri darasani, wala hakuwahi kufikiri kwamba linamhusu.

"Haboba, bibi yangu, lakini ni kweli. Yeye ndiye alimuua."

"Mimi iko najua," bibi alisema. "Hiyo nabaki na mimi hapa. Wewe nakwenda kuzaa watoto huko. Utalisha wao hiyo?"

Natalina alilia, kwanza kwa hasira, kisha kwa huzuni tupu. Akautaja ukoo wote upya. "Emilio, mwana wa Lokosang, amezikwa uani," akasema, akaishia hapo.

Bibi akafungua mlango.

Gari lilipoanza kuondoka, Natalina aligeuka. Fortunato alikuwa amesimama kwenye ua wake, akitazama. Bibi akamwamkia, kama alivyofanya kila asubuhi.