Usihame, Nitakufuta

Saa nne asubuhi, mbele ya watu wote waliokaa uani, mama mkwe aliniambia anataka picha ya mwanawe ya kutundika sebuleni kabla ya maziko ya kesho.

"Wenzako wakifiwa wanahangaika mji mzima kutafuta picha," alisema. "Wewe ni fundi picha. Nenda kabatini tu, uchague iliyo nzuri."

Watu waliitikia. Nami niliitikia, nikavaa viatu, nikatoka. Sikuwa na picha ya mke wangu hata moja.

Najua mnavyowaza, kwa hiyo acheni nieleze. Ndoa yetu tuliifunga ofisini, mbele ya mashahidi wawili, na wiki ile kamera yangu ilikuwa kwa fundi saa, kwa sababu mjini hakukuwa na fundi kamera. Kitambulisho chake alikipata akiwa msichana, na karani aliyegonga muhuri aliugonga kwa hasira zake zote za maisha, ukamkaa usoni kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Baada ya hapo nilifungua studio yangu, nikapiga kila kiumbe. Nimepiga mahakimu, wauza mkaa, mapacha wachanga, mpaka mbwa wa mwenye nyumba. Mke wangu hakuwa mteja. Siku moja, akiwa anafagia, aliniambia, "Na mimi unipige basi." Nikamjibu, "Wewe si nakuona kila siku." Akacheka, akaendelea kufagia.

Hata hivyo ndani ya picha alikuwemo, na hilo ndilo lililonipa moyo nilipokuwa nafungua mlango wa studio. Kazi yote ya picha ya sura ni kumtoa mtu kwenye pazia. Ukimpiga kwa taa ya mbele peke yake, nywele zinamezwa na giza la nyuma, anaonekana kama amebandikwa ukutani. Lazima taa nyingine imguse kwa nyuma, juu ya bega. Taa hiyo aliishika mke wangu kwa miaka kumi na tisa. Chumba chenyewe ni kidogo, kwa hiyo mara nyingi naye aliingia kwenye picha. Akitaka kujibanza pembeni namwambia, "Usihame, nitakufuta."

Na kweli nilimfuta. Nilichukua negativu, ile filamu ambayo kilicho cheusi huonekana cheupe na cheupe huonekana cheusi, nikailaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Kisha nikapaka rangi nyekundu kila mahali isipokuwa juu ya mteja. Mwanga haupiti kwenye rangi ile. Picha ikisafishwa, nyuma inatoka nyeupe pee, na mteja amesimama peke yake, utadhani hakushikiwa taa na mtu. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuufuata weupe ule. Nilijivuna sana, sifichi.

Rangi yenyewe inatoka kwa maji. Nilijaza beseni, nikatafuta pamba, nikaanza kutoa bahasha kabatini, kila moja ikiwa na tarehe kwa mwandiko wangu. Negativu ya kwanza niliifuta taratibu, roho juu. Mke wangu alitokea nyuma ya bega la afisa mmoja wa posta, amegeuza uso, anatazama dirishani. Ya pili alikuwa anajikuna sikio. Ya tatu taa imemziba. Ya nne ameinama, naona utosi. Katika moja alikuwa amefumba macho kabisa, amelala wima na taa mkononi, na mimi miaka yote nilidhani ananisikiliza. Sikuweza kumlaumu. Mtu anayejua atafutwa anajiweka sawa kwa ajili ya nani?

Kufika saa nane mchana nilikuwa nimefuta negativu arobaini na ushei, na maji ya beseni yalikuwa mekundu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Nililia kwa uchungu na kwa aibu pia, maana kule nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapigilia msumari ukutani.

Ndipo nikafungua bahasha ya bibi harusi mmoja. Gauni lake lilikuwa jeupe na pana, na mwanga wa taa uligonga gauni ukarudi kumwangaza aliyesimama nyuma. Nilifuta kidogo, nikaona kidevu. Nikafuta tena. Mke wangu alikuwa amesimama wima, uso mzima, macho wazi, ananitazama. Mkono wa kulia ameshika taa. Kwa mkono wa kushoto ameuteremsha mtandio mabegani kwa ajili ya joto, mtandio ule ambao baadaye hakuuvua hata ndani ya nyumba.

"Ahsante," nilisema kwa sauti, peke yangu mle chumbani. Nikachukua kioo cha kukuzia nimwone vizuri.

Upande wa kushoto wa shingo kulikuwa na uvimbe, saizi ya gololi.

Nikasoma tarehe kwenye bahasha. Miaka miwili na miezi miwili. Mwezi uliopita daktari alituuliza, akiwa amevua miwani, "Huu si wa jana. Nyumbani hakuna aliyeuona?" Nilimjibu haraka kabla mke wangu hajafungua mdomo. Nilisema anavaa mtandio muda wote, nikasema umemtokea ghafla. Mke wangu hakunikatiza, alinitazama tu. Maneno hayo niliyarudia kwa ndugu na kwa majirani, mpaka mwenyewe nikayaamini.

Laiti ningeona uvimbe tu. Chini yake, pale penye kivuli, palikuwa na alama za penseli. Vimistari vyembamba, vimelala upande mmoja, vilivyochorwa na mkono ninaoufahamu. Hivyo ndivyo ninavyoondoa chunusi na makovu ya wateja: unakijaza kivuli kwa penseli, na kwenye picha kilichovimba kinalala. Penseli imekaa juu ya vanishi inayopakwa kwenye filamu ili ishike, haitoki kwa maji. Niliuona, basi. Kioo kilikuwa jichoni na penseli mkononi, nikakuta kasoro, nikaanza kuitengeneza kama kasoro ya mtu yeyote. Halafu nikakumbuka kuwa huyu ni wa kufutwa, ya nini kujichosha, nikachukua brashi ya rangi.

Binti yetu alinikuta nimekaa vilevile. Ni mtu mzima sasa, ana cherehani yake na wateja wake, lakini amekulia chini ya meza yangu ya kazi, negativu anazisoma kama gazeti.

"Bibi anauliza kama tayari," alisema. Akainama juu ya kioo. "Mama! Baba, ametoka vizuri jamani." Akachukua kioo cha kukuzia.

"Huu ndio ule?" aliuliza.

"Ndio."

"Na hii penseli?"

"Nimeanza sasa hivi."

Akatazama meza. Penseli zangu zote zilikuwa kwenye kopo, zimechongwa, ncha juu. Akatazama vidole vyangu, vyekundu tupu.

"Uliuona," alisema.

"Sijui, mwanangu. Haki ya Mungu, sijui."

Hakupandisha sauti, na afadhali angenipa vidonge vyangu nikajua moja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. "Mimi alinionyesha," alisema. "Mwaka juzi, nikimpima gauni. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Akasema, baba yako anaona mpaka unywele kwenye picha ya mtu baki. Kingekuwa kitu cha maana, angeshasema."

Nilimwona mke wangu amesimama nyuma ya wateja, wiki baada ya wiki, shingo wazi, anasubiri niseme. Na mimi nasema sogeza taa.

"Maliza," binti yetu akasema hatimaye. "Bibi asiuone."

Nilichukua penseli, nikaendelea pale nilipoachia miaka miwili iliyopita. Kwa robo saa uvimbe wa mke wangu uliisha, na shingo ikawa laini kama ya binti wa miaka ishirini. Kisha nikachukua brashi, nikapaka rangi nyekundu juu ya bibi harusi, gauni lake, maua yake na pazia la studio. Nikaingia chumba cha giza, na mke wangu akaanza kutokea kwenye karatasi ndani ya dawa, nyusi kwanza, halafu macho. Nyuma yake palikuwa peupe pee. Sijawahi kutengeneza picha nzuri kuliko ile.

Nyumbani watu waliipokea kwa vilio. Mmoja alisema amependeza, mwingine akasema fundi ni fundi. Mama mkwe aliwanyamazisha, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaishika kwa mikono miwili.

"Hii ya lini?" aliuliza.

"Ya miaka miwili iliyopita, mama."

Alipitisha kidole polepole kwenye shingo ya picha, akarudia tena. "Safi kabisa," alisema. "Hapa alikuwa mzima." Machozi yakamtoka, lakini uso ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu afike. "Unajua nilichokuwa najiuliza, baba? Mwanangu ameteseka muda gani bila mtu kujua. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Kumbe haikuwa muda mrefu. Ni hii miezi ya mwisho tu."

Akanishika mkono, akaubana.

"Umenitua mzigo," alisema. "Mungu akulipe."

Binti yetu alikuwa amesimama juu ya stuli kando ya msumari, amenyoosha mikono apokee picha. Alinitazama, akanisubiri niseme.

"Haya, mama," nikasema. "Mpe aitundike."