Unyayo Niliouacha Kinyasi

Jana mchana, baada ya ugali na mlenda, usingizi ulinibeba mkekani ukanipeleka nisikotaka kwenda. Naeleza nilivyoona. Asiyeamini asiamini, simlazimishi mtu.

Nilikuwa namsubiri mdogo wangu Mfaume aje na karatasi nitie sahihi. Kwetu Uluguru ardhi hurithiwa upande wa mama, na mama alipofariki aliniachia mimi shamba ambalo njia ya kwenda Kinyasi hupita katikati yake. Kinyasi ni tindiga, eneo la majimaji lililo juu kabisa mlimani, mwendo wa siku nzima, limefunikwa na majani mafupi, laini, kama zulia lililolowa. Hakuna anayekwenda huko. Mfaume anataka kupeleka watalii ishirini kila wiki, na bila sahihi yangu hapiti mtu. "Dada, mgeni njoo, mwenyeji apone," alinibembeleza mwezi mzima, mpaka nikachoka nikampa neno langu: njoo kesho saa kumi, nitasaini.

Basi nalala, na papo hapo niko mlimani. Penye kuingilia tindigani unaning'inia mzani wa kliniki, ule wa kupimia watoto, wenye kisuruali cha kitambaa. Umening'inia kwenye ukungu, wala hakuna mti.

"Semeni binti Kobelo," mzani unaniita kwa sauti ya nesi aliyechoka. "Ingia kwenye suruali."

"Nina miaka hamsini na nne."

"Sijakuuliza umri. Ingia."

Nikaingia. Ikanienea, wala sikushangaa. Mzani ukaandika uzito wangu kwenye kadi, ukanisomea sheria: huku hakiachwi kitu, na wakati wa kutoka nitapimwa tena.

Sijapiga hatua kumi, nikakohoa.

"Mama! Umeacha kikohozi!" mzani ukanipigia kelele.

Nikarudi kukitafuta, nikakikuta chini ya jani, kidogo, kinatetemeka kwa baridi. Nikakifunga kwenye pindo la khanga. Mbele kidogo nikaambiwa nikikunje na kivuli changu, maana nilikuwa nakiburuza juu ya maua bila adabu. Nikakikunja nikakitia kwapani.

Kuinua kichwa, si tindigani tena, ni ofisi ya kijiji chetu. Benchi zile zile, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Kwenye kiti cha mwenyekiti limekaa lile zulia la majani, linadondosha maji mezani.

"Shikamoo," nikaliamkia, maana kwa umri limenizidi mbali.

Likaanza kusema. Sasa zulia lile huota upana wa ukucha kwa miaka mingi, na kusema kwake ni kwa mwendo huo huo. Kati ya neno lake la kwanza na la pili niliolewa tena, nikaachika, nikaota mvi upande mzima wa kushoto.

"Mwenyeji…" likasema. "…hajapona."

"Hajapona nini, mzee wangu?"

Ningezeeka nikisubiri jibu. Likanyoosha jani moja kuonyesha benchi la nyuma.

Kwenye benchi umekaa unyayo. Ni wa mguu wa kushoto, wa mtoto wa miaka tisa, umejaa maji pomoni. Kidole cha mwisho kifupi, kimepinda. Loo! Nikaujua mara moja, ni wangu.

Mama alinipeleka Kinyasi mara moja tu, tulipokwenda kuchimba mizizi ya dawa ya bibi. Aliniambia nikanyage mawe, nisikanyage kitu kingine. Mimi nikaona chura mdogo kama punje ya mahindi, nikaruka kumfuata, mguu mmoja ukazama. Alinichapa, nikalia mpaka nyumbani.

"Ulimpata yule chura?" unyayo unaniuliza. Sauti ni yangu ya utotoni.

"Nilimkosa."

"Mimi nipo pale pale miaka arobaini na mitano. Hakijaota kitu juu yangu."

"Pole."

"Na mimi ni mmoja, tena wa mtoto."

Nikaona unakotaka kunipeleka, hasira zikanipanda. "Usinitishe! Vijana wetu wanashinda vibarazani hawana kazi. Mfaume si mwizi, ni ndugu yangu, anatafuta riziki. Halafu mimi mwenyewe nisingefika huku utotoni, ningejuaje kama kuna cha kuhurumia?"

"Hapo umesema kweli," unyayo ukajibu. "Usingefika, ungesaini siku ile ya kwanza wala usingelala na moyo mzito."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwenzangu, mimi ni unyayo. Sina kichwa."

Halafu ukasema taratibu, "Nataka nyumbani."

Nikaupakata. Ulikuwa mzito kama ndoo ya maji. Pale ulipokuwa si benchi tena, ni tindiga, na chini yake udongo mweusi uko wazi, kama goti la mtoto lililochubuka. Niliona haya, nikalia kwa sauti kubwa na hakuna aliyenibembeleza.

Penye kutokea, mzani ukanipima.

"Umezidi."

"Nimebeba changu."

Ukauchungulia unyayo, ukalinganisha na mguu wangu. "Kweli, ni chako." Ukaandika kwenye kadi. Halafu, bila kunitazama, ukauliza: "Na wale ishirini wa kila wiki, vyao atakuja kubeba nani?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikasikia, "Hodi!"

Ni Mfaume, yuko mlangoni na karatasi, amevaa mabuti yake ya mlimani. Nikajiinua mkekani.

"Mfaume, wewe Kinyasi umeshafika?"

"Nifike kufanya nini, dada? Picha si ninazo?"

"Basi sisaini."

"Dada! Ahadi ni deni! Nimeshawaambia watu, nitauweka wapi uso wangu?" Sauti ikamkatika, na mimi roho ikaniuma, maana mdogo wangu huyu nimembeba mgongoni.

"Nitakwenda nawe kwa hao watu. Nitawaambia aliyevunja ahadi ni mimi."

Akanuna. Akainua mguu aingie tuzungumze, na mimi nikatazama pale anapotaka kukanyaga.

"Simama hapo hapo!"

Kwenye sakafu ya saruji, kavu, kulikuwa na unyayo wa maji, mmoja tu, wa mguu wa kushoto. Kidole cha mwisho kifupi, kimepinda. Vidole vimeelekea ndani ya nyumba. Na humu naishi peke yangu.

Mfaume akainama, akautazama kwa muda.

"Dada, mtoto wa nani kapita hapa?"

"Wa marehemu mama," nikamwambia. "Vua mabuti."